Taa Isiyomwaga Mwanga

Tibirinzi, Chake Chake, Pemba
Mfungo Saba

Kwa ndugu yangu wa tumbo moja, Bi Maryamu binti Masoud, Maskati.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Anayekuandikia ni mie kaka yako Nasor, mwenye miaka themanini na mbili kwa hesabu ya marehemu mama, na themanini kwa hesabu ya serikali, na sikubali kuwa hata moja kati ya hizo ni nyingi. Nimeishi kumpita Sultani na bendera yake. Nimezipita foleni za unga na sukari, nimekipita chama kimoja kilipokuwa peke yake, nimeupita hata ule uchaguzi wa tisini na tano ambao jirani alikuwa hendi kumzika jirani. Nimewapita punda watatu. Nimempita na yule daktari aliyeniambia, nikiwa bado na meno yote, kuwa nisipoacha chumvi sitafika uzeeni. Yeye tulimzika, Mungu amrehemu. Chumvi ningali naila.

Ama baada ya salamu, nakuuliza hali yako. Yale magoti yametulia, au bado yanakusimanga ukipanda ngazi? Na joto la huko? Na mwanao Maher, mkewe na watoto, wote wazima? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, tunakula, tunasali na tunasutana. Wifi yako Mwanabaraka anakusalimu sana. Amesimama mlangoni hapa anataka kujua nimeandika nini, nami nimemwambia nimeandika kuwa anakusalimu sana.

Utaona mistari yangu inapanda na kushuka kama njia ya Makangale. Usijali. Herufi hizi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, mvi zikiwa zimeshatoka, na mwalimu alisema hajapata kuona kichwa kigumu kama hiki, nami nikalichukua neno lile kuwa ni sifa. Simu ninayo. Lakini simu hukatika katikati ya maneno, na habari hii siitaki ikatike.

Manar ameolewa. Namsema Manar wetu, binti wa mwanangu Hamzah, niliyemlea mwenyewe humu ndani, yule aliyekwenda Ujerumani kusomea mwanga. Alipoondoka, watu wa barazani waliniuliza mwanga unasomewaje, na taa zimeshavumbuliwa zamani. Nikawajibu kuwa ni elimu nzito, hata nikiwaeleza hawatafahamu. Haki ya Mungu hata mie nilikuwa sifahamu, lakini ningelikubalije mbele ya Mjaka? Humjui wewe Mjaka, alihamia baada ya weye kuondoka. Ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Yeye chama chake kile na mie chama changu hiki, tukanuniana miaka, kisha tukapatana kwa sababu hakubaki mwengine wa rika letu wa kugombana naye.

Basi Manar alirudi likizo akaposwa na Silima, kijana wa Makangale, mwalimu wa hesabu, mpole mpaka unatamani kumchokoza. Unaijua desturi ya nyumba yetu. Hakuna mwanamme aliyekuja kuoa kwetu akaingia na kofia ya dukani. Bwana harusi huvaa kofia ya viua iliyotobolewa na kushonwa kwa mkono wa nyumba hii, na mkono huo, tangu marehemu baba alipoweka sindano chini, ni mkono wangu. Nikaapa mbele ya wazee waliokuja na posa kuwa kofia ya Silima nitaitia mkono mwenyewe, na kama haijesha, basi ndoa isogezwe mpaka ishe.

Kiapo hicho, Maryamu, ndicho kilichotutia mashakani wote. Manar likizo yake ilikuwa fupi. Wangemngoja huko Ujerumani mpaka siku ya mwisho ya likizo na si zaidi, na harusi ikisogea, basi ni mpaka likizo nyengine, mwaka mzima au zaidi. Mama yake Silima akatuma mtu kuja kusema kwa adabu kuwa Wete zinauzwa kofia nzuri. Nikamrudisha yule mtu na maneno ambayo siyaandiki, kwa kuwa karatasi hii itapita mikononi mwa watu.

Lakini kofia haikwenda. Nilikaa nayo kila siku, kitobo kwa kitobo, na kila nikiulizwa nilisema ni taa. Taa za siku hizi hazina nuru. Zinamwaga mwanga ovyo kama mtu anayebeba maji kwa pakacha. Nusu unakwenda darini, robo unakwenda kwa Mjaka, ambaye hata hakuuomba, na kinachofika kwenye sindano ni masazo. Mwanabaraka akanunua taa ndefu ya mrija, nikaikataa. Hamzah akaleta ya kuchaji, nikaikataa. Mjaka akaniambia barazani kuwa labda taa nzima, jicho ndilo limegeuka nazi. Nikamwambia jicho langu linaona mpaka dhambi zake.

Siku moja Manar akaketi mbele yangu akaniuliza taratibu, Babu, nieleze mwanga unaoutaka weye ni upi hasa. Nikamwambia nautaka mwanga wenye adabu. Utoke kwenye taa, uende kwenye kitobo, ukae hapo hapo, usizurure. Mtoto alicheka mpaka akajilaza mkekani. Kisha akajifuta machozi akasema kuwa jambo nililolitaka ndilo aliloliendea Ujerumani, na kuwa mabwana wenye ndevu zao wanakesha nalo.

Akafungua begi lake akatoa kijidude, Maryamu, kisichofika punje ya kunde, kimegandishwa kwenye kibati. Akasema hii ni taa, na ilitupwa kwa kuwa rangi yake imeelemea ukijani kidogo, mwalimu wake akampa aje nayo kwao. Nikauliza kioo chake cha kukusanyia mwanga kiko wapi, kama cha kurunzi. Akasema hakina. Ngozi yenyewe ya taa imesimamishwa nguzo, nyingi mno, ndogo mno, hata ukichukua unywele mmoja wa ndevu zangu, upana wake peke yake utabeba mamia. Nyengine nene, nyengine nyembamba, na kila moja imewekwa pahala pake kwa makusudi. Nikamwambia ni uongo. Akasema kweli.

Sasa hapo ndipo nilipomwona kuwa amesoma, kwa sababu alinifahamisha kwa kitu ninachokijua. Akaniambia nikumbuke maulidi, wale watu wa safu waliopiga magoti, bega kwa bega. Wakiinama wote kwa pamoja, safu inakwenda mbele moja kwa moja. Lakini kila mmoja akichelewa kidogo tu nyuma ya mwenzake, unaona wimbi linakimbia kwenda upande, na hakuna mtu aliyenyanyuka pahala pake. Mwanga nao, alisema, ni mawimbi. Nguzo nene inauchelewesha, nyembamba inauachia uwahi. Ukijua nani umcheleweshe na kwa kiasi gani, unauamuru wote utoke pamoja uende unapotaka weye. Nikamwambia basi hiyo ni kofia ya viua, watu wa Ulaya wamechukua ufundi wetu. Akasema ndiyo Babu, ni kofia, lakini hii inavaliwa na taa. Jioni nikawaeleza watu wa barazani kana kwamba nilikuwapo ilipotengenezwa. Silima alikuwa amekaa pale na hakunisahihisha, ndipo nikaanza kumpenda.

Baada ya sala ya magharibi tukaiwasha. Silima alikuwa ameifunga kwenye kijiti na kuichomeka kwenye chaja ya simu. Sauti zilizotoka mle chumbani, ungedhani bi harusi ametolewa. Mwanabaraka alipiga kigelegele. Hamzah akasema duara limekaa juu ya kitambaa kama kifuniko cha kikombe, na nje ya duara hata mkono wako huuoni. Mjaka, aliyekuwa amejipenyeza bila kualikwa, akasema hajaona kitu kizuri kama kile tangu azaliwe. Na hakusema mashallah. Nilimsikia vyema, hakusema.

Unanijua, sipendi kitu kizuri kiachwe wazi kwa hasadi. Asubuhi, kila mtu akiwa kwenye shughuli zake, nikachukua chetezo, nikatia makaa, ubani na udi wa kutosha, nikakishika kile kijidude juu ya moshi nikakizungusha huku nasoma ninayoyajua. Nikakifukiza vizuri, kwa moyo mmoja, mpaka kikanata.

Manar alipokiona alishika kichwa. Hakunipigia kelele, alilelewa na mie. Akasema tu kuwa mafuta ya udi yameingia baina ya nguzo zote, na nguzo zikishazama kwenye mafuta, mwanga hauna tena wa kuuchelewesha, kila wimbi linakwenda lake. Akasema ataiosha kwa spiriti, lakini kwanza aiwashe aone imeharibika kiasi gani. Wakakusanyika watu wa jana, Mjaka naye, Manar akafunga madirisha, akaiwasha. Na mie, kwa kuona haya na kwa kutaka kumfariji mtoto, nikaweka kofia chini yake nikasema kwa sauti kubwa: Naam! Imerudi. Tazama ilivyokaa juu ya kitobo, imetulia kama jana.

Nikasikia watu wanajisogeza mkekani.

Nikarudia kuwa imekaa vizuri. Mwanabaraka ndiye aliyeniambia, polepole, kuwa taa ilikuwa inamwaga mwanga chumba kizima. Ulikuwa darini, ulikuwa ukutani, ulikuwa kwenye kanzu ya Mjaka. Na huyo Mjaka, Maryamu, alikuwa amekaa pale. Hakunicheka. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Mjaka akikuhurumia, ujue mambo yako si mazuri.

Manar akaiosha, ikarudi kama ilivyokuwa, watu wote wakaona, na kwangu mie ilikuwa weupe ule ule, kama natazama kupitia maziwa. Jana maziwa, leo maziwa. Akanishika mkono akaniambia kuwa yeye anaweza kuuamuru mwanga mpaka kwenye kitobo, na kutoka kwenye kitobo mpaka mlangoni mwa jicho langu. Lakini hapo mlangoni pana ukungu, na kila kinachofika kinatawanywa upya, kama ule udi. Akasema, Babu, kazi yangu inaishia hapo. Baki ni ya daktari.

Nilikataa. Nilisema jicho ni amana, sipeleki amana ya Mungu ikachokolewe kwa kisu. Nikasema nitashona kwa kupapasa. Manar akasema vyema, na kama kofia haijesha harusi itasogea, naye atangoja, kwa kuwa hataki kuolewa na mtu ambaye kofia yake imemtia babu yake fedheha. Akaenda jikoni. Nikamsikia analia huko, anajificha kwa sauti ya mbuzi ya kukunia nazi. Silima alikuwa uani anasikia pia, na alichofanya ni kuingia jikoni akaichukua ile mbuzi akakuna yeye.

Nikatoka nikasema nitakwenda, ila kwa sharti. Sharti langu ni kuwa Mjaka naye apelekwe, kwa sababu yeye jana alimwamkia punda wangu akidhani ni mie. Mjaka akasema ni kweli alimwamkia, na punda alimjibu kwa adabu kunishinda. Lakini akaja. Tukakaa kwenye benchi moja hospitali, vyama viwili, mtoto wa jicho mmoja. Daktari wetu alikuwa Bi Laila, mwanamke mdogo mwenye mikono myepesi, aliyeniambia ninyamaze kidogo ili aweze kufanya kazi. Nimenyamaza, Maryamu. Liandike pahala.

Walipoifungua bandeji, kitu cha mwanzo nilichokiona kilikuwa sisimizi anapanda ukuta. Nilimtazama mpaka akafika juu. Cha pili ni Mwanabaraka. Nikamwambia amezeeka. Akasema yeye amekuwa akinitazama mie miaka yote hiyo na hajalalamika. Tukarudi nyumbani kwa gari nikisoma kwa sauti kila kibao cha njiani, mpaka dereva akaniomba nipumzike.

Sasa sogea karibu, kwa maana haya ndiyo niliyokalia kitako kuyaandika.

Jicho lilipotulia na daktari akanipa ruhusa, nikamwambia Manar awashe ile taa yake. Duara likashuka juu ya kofia. Subhanallah. Lilikaa kama alivyosema Hamzah, halikuzidi wala halikupungua, ukijani kidogo kama maji ya madafu, na ndani yake kila uzi umejitokeza peke yake. Nikavuta pumzi nikajitayarisha kuona upuuzi, maana nilijua kofia ile nimeishona kipofu. Nilitegemea vitobo vimepinda, viua vimekorofishana.

Havikupinda. Vilikuwa safi. Safu baada ya safu, vimepangana kama meno ya mtoto. Kwa dakika moja nilijisifu moyoni, nikasema kumbe hata bila macho Nasor ni Nasor. Kisha nikatazama tena. Mkono wa mshonaji ni kama sauti yake, huwezi kuukosea. Uzi wangu mie hukizunguka kitobo kwenda kulia, ndivyo alivyonifunza baba. Uzi ule ulikwenda kushoto. Wote, kofia nzima. Na humu ndani mtu anayeshika kisu, mwiko na kila kitu kwa mkono wa kushoto ni mmoja tu.

Nikamwita. Mwanabaraka akaja anajifuta mikono. Nikamwonesha uzi ule. Naye hakukana. Akasema kila asubuhi nikishakwenda barazani, alikuwa akikaa dirishani akifumua nilichoshona jana yake na kukishona upya, kisha akikirudisha pale pale nilipokiacha, na sindano ikiwa imechomekwa vile vile. Nikirudi napapasa, nasema mashallah mkono huu, yeye anakwenda zake jikoni. Nikamuuliza nani alimfundisha. Akasema ni mie, kwani ameolewa na mshona kofia tangu ana miaka kumi na saba, alifikiri alikuwa akitazama nini? Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akaniuliza kama ningekubali. Nikaitazama taa.

Nikamuuliza ameanza lini. Akasema kofia zote tangu ule mwaka, zamani, zilipoingia taa za mrija mjini nikasema ni njama.

Kwa hiyo, Maryamu, ile kofia niliyompelekea Maher, uliyoniandikia kuwa watu walimsimamisha msikitini Maskati wakataka kujua fundi ni nani, nami nikakujibu kurasa mbili za majivuno, haikuwa yangu. Ni ya wifi yako. Mwambie Maher. Waambie na wale waliouliza. Na kama unataka kujua ni nzuri kuliko zangu za ujanani, nimezilinganisha chini ya taa ile, na jawabu ninalo, lakini mkono wangu umechoka kuandika. Haya basi, ni nzuri zaidi. Kidogo.

Kofia ya Silima tuliimaliza pamoja. Duara la ile taa ni dogo, halitoshi watu wawili, kwa hiyo ilibidi tuinamishe vichwa vikagusana, yeye anakwenda kushoto na mie nakwenda kulia, na kila tukifika kwenye kitobo kimoja tunagombania nani akifunge. Miaka hamsini na kitu ya ndoa hatujapata kukaa karibu namna ile bila ya mmoja wetu kuwa mgonjwa. Manar alitukuta, akarudi kinyumenyume, akafunga mlango.

Harusi ilikuwa siku yake ile ile, haikusogea. Silima aliingia na kofia ile, na mzee mmoja wa Makangale, mjuzi wa mambo haya, akauliza mbele ya watu ni mkono wa nani. Watu wote wa Tibirinzi wakanigeukia mie. Nilisimama. Nilisema ni mkono wa Mwanabaraka, mke wangu, na ukiona kitobo kimepinda, hicho ni changu. Vigelegele vya upande wa wanawake vilikata mazungumzo, na mama yake Silima, yule wa kofia za Wete, alikwenda akamkumbatia. Sasa wanawake wanakuja kwake na vitambaa, na mie nakaa pembeni natia uzi kwenye sindano. Natia vizuri kuliko mtu yeyote Chake Chake, sema nani anayekataa.

Manar ameshaondoka na Silima atamfuata. Taa wametuachia.

Nisalimie Maher, mkewe, watoto na wote wanaonijua, na wasionijua waelezwe. Tuombee, nasi tunakuombea magoti. Mungu akupe umri kama wangu na utulivu ambao mie sikupewa.

Na kama unadhani nimetia chumvi, muulize Hamzah, alikuwapo. Muulize Bi Laila wa macho. Muulize Silima, huyo hajui kusema uongo, na mkewe Manar, anayejua lakini haupendi. Muulize hata Mjaka, ingawa ni wa chama kile. Na wa mwisho muulize Mwanabaraka, ambaye amesogea hapa begani na amesoma yote haya, na hakufumua hata neno moja.

Kaka yako akupendaye,
Nasor bin Masoud